Historia ya Muziki Ina Kazi Dodoma

Kijana wa Dodoma akisema anataka kusomea historia ya muziki mpaka uzamivu, majibu atakayopewa yanajulikana. Baba mdogo atamuuliza atakula nini. Mwalimu wake atamshauri achukue sayansi. Akiongeza kwamba kinachomvutia hasa ni muziki wa Zama za Kati, ule ulioimbwa Ulaya na kwingineko kati ya karne ya 5 na ya 15, hata wanakwaya wenzake watamcheka. Mimi sicheki. Nataka kuyajibu madai yao moja baada ya jingine, kwa sababu yanarudiwa na watu wenye elimu na madaraka, na kwa sababu kila moja limeshatupotezea kitu.

"Muziki wa Kigogo haukuandikwa, na kisichoandikwa hakina historia."

Hili, kuhusu Wagogo ambao ni wenyeji wa Dodoma, husemwa kwa ujasiri kuliko yote, na ndilo linaloanguka upesi zaidi mbele ya mtu aliyesoma Zama za Kati. Isidori wa Sevilla, askofu na mwanachuoni aliyefariki mwaka 636, alieleza kwamba sauti zisiposhikwa na kumbukumbu ya mtu hupotea, kwa kuwa haziandikiki. Hakuwa akizungumzia Afrika. Alikuwa akiieleza Ulaya yake mwenyewe. Papa Gregori wa Kwanza, ambaye nyimbo za Kigregori zilipewa jina lake, alifariki mwaka 604. Vitabu vya zamani zaidi vilivyobaki vyenye alama za nyimbo hizo kwa ukamilifu, kama vile vya St. Gallen na Laon, ni vya mwanzoni mwa karne ya 10. Katikati pana miaka kama 300 ambayo sauti za nyimbo hizo zilikaa zaidi vichwani mwa waimbaji. Hata alama zenyewe zilipokuja hazikutaja noti. Zilionyesha tu kwamba hapa sauti inapanda, pale inashuka, hapa ikawie kidogo. Zilimkumbusha anayejua, asiyeujua wimbo hakuweza kuusoma. Ilibidi aje Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, apange noti juu ya mistari, karibu mwaka 1030, naye akajisifu kwamba kwa njia yake mwimbaji angekamilika kwa mwaka mmoja au miwili badala ya kumi.

Basi wanaochunguza muziki huo wamefanyaje na miaka hiyo 300? Hawakusema haina historia. Mwaka 1974 mtafiti wa Marekani, Leo Treitler, alichapisha makala iliyoziweka nyimbo za Kigregori kando ya tenzi za Homer, akiuliza jinsi mwimbaji anavyoujenga upya wimbo mrefu kila anapoimba, kwa kutumia vipande na kanuni alizozishika tangu utotoni. Alijifunza swali hilo kwa Milman Parry na Albert Lord, waliokaa na watambaji wa Yugoslavia waliokuwa hai, waliotamba tenzi huku wakipiga gusle, chombo cha uzi mmoja kinachopigwa kwa upinde. Tazama njia ilivyokwenda: wataalamu wa vitabu vya ngozi walilazimika kwenda kwa mwimbaji asiyesoma ili wavielewe vitabu vyao. Mgogo anayepiga zeze na kutunga papo hapo yuko karibu zaidi na kiini cha taaluma hiyo kuliko mtu aliyemaliza mitihani yote ya piano.

Halafu si kweli kwamba Ugogo hauna vielelezo vya wakati. Wazee wa Kigogo wanaihesabu miaka kwa njaa, na njaa zina majina. Mtunya, ile ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, inajulikana kwa jina hilo mpaka leo. Wimbo unaoitaja Mtunya au watu wake hautupi tarehe ya kutungwa, lakini unatupa mwaka ambao hauwezi kuutangulia. Ndivyo hasa wanavyofanya kazi wanaotafuta umri wa wimbo wa Kilatini unaomtaja mfalme fulani. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo aliyejulikana zaidi kwa mashairi na ngonjera, alichapisha kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Kabla yake walipita wasafiri wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, Burton mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, wakilipa hongo kwa watemi wa Ugogo na kuandika waliyoyaona. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake mwaka 1950 na kuwarekodi Wagogo. Baadaye zikaja kanda za Radio Tanzania. Na mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu waliokuwa wametawanyika na mifugo yao wakahamishiwa vijijini, wacheza ngoma wa mbari hii wakajikuta ukuta kwa ukuta na wa mbari ile. Mtu akiniambia mambo hayo yote hayatoshi kuanzia historia ya muziki, nitamuuliza alitaka nini zaidi.

"Sawa, soma ya kwenu. Ya watawa wa Ulaya yanaihusu nini Dodoma?"

Yanaihusu kwa sababu yaliimbwa hapa. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi aliutangaza wimbo wa Kigregori kuwa kielelezo cha muziki wa Kanisa Katoliki, na toleo rasmi la nyimbo za Misa likatoka mwaka 1908. Nyuma yake kulikuwa na kazi ya watawa wa Solesmes, Ufaransa, ambao kwa miaka mingi ya karne ya 19 walikusanya vitabu vya Zama za Kati na kuvilinganisha mstari kwa mstari ili wapate sauti za kale. Kwa maneno mengine, vitabu vilivyofunguliwa mbele ya vijana wa seminari za Tanganyika vilikuwa zao la wanahistoria wa muziki. Peramiho walikuwepo Wabenedikto tangu mwaka 1898. Dodoma ikafanywa eneo la kimisionari linalojitegemea mwaka 1935, mikononi mwa Wapasionisti kutoka Italia, ikawa jimbo mwaka 1953. Miaka hiyo yote Misa ilikuwa ya Kilatini. Waliimba babu zetu, kwa kukariri, nyimbo ambazo wengine kati yao hawakuelewa neno moja la maneno yake, na wakaziimba kwa makoo yaliyozoea ngoma ya kwao.

Zilisikikaje? Zilibadilika nini zilipopita katika midomo ya Wagogo? Nani aliongeza sauti ya pili mahali ambapo kitabu kilitaka sauti moja? Hilo ni swali la uzamivu, na mtu wa kulijibu anatakiwa ajue Cigogo, ajue Kiswahili, na azijue zile nyimbo za Zama za Kati kiasi cha kutambua pale zilipopindwa. Na wazee walioimba Kilatini kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango wa muziki wa wenyeji kwa hati yake ya Desemba 1963, wanazidi kupungua. Mwaka huohuo wa 1963 padri wa Kitanganyika, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, na alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu. Aliweza kutetea ngoma mbele ya wakuu wa Kanisa kwa sababu aliijua sheria yao na muziki wao kuliko walivyotarajia. Sijui mfano bora wa faida ya kusoma ya mbali ili uyatetee ya karibu.

Wala Zama za Kati hazikuwa mali ya Ulaya peke yake. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipopita pwani yetu alimwona Sultani wa Mogadishu akitembea huku ngoma na tarumbeta zikipigwa mbele yake, kisha akaendelea mpaka Kilwa. Ethiopia ina uimbaji wa kanisa wa kale wenye mapokeo yake yanayomtaja Yared. Anayesema Zama za Kati ni za Wazungu anawapa wasichoomba.

Sasa nalifikia dai ambalo husemwa kwa nia njema, na kwa hiyo ndilo linalonisumbua zaidi. Watu wanaosikia kwaya ya Kigogo kwa mara ya kwanza, hasa wageni waliosoma muziki, husema: "Hawa wanaimba kama watawa wa Ulaya ya kale. Afrika imeuhifadhi utoto wa muziki wetu." Wenyeji nao hufurahi kusikia hivyo, wakidhani wamesifiwa.

Wazo hili lina ukoo. Erich von Hornbostel, aliyeongoza hazina ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900, alichunguza nyimbo za Wanyamwezi, majirani zetu wa magharibi, na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1909. Mwaka 1928 aliandika makala yake maarufu kuhusu muziki wa Kiafrika, na kuimba kwa sauti zinazokwenda sambamba akakuita organum, jina ambalo watawa wa karne ya 9 walilitumia kwa uimbaji wao. Kisha Marius Schneider akatoa historia yake ya uimbaji wa sauti nyingi mwaka 1934 na 1935. Juzuu ya kwanza ilihusu watu aliowaita wa asili, Waafrika wakiwemo. Juzuu ya pili ilihusu mwanzo wake Ulaya. Waliokuwa wakiimba mwaka ule ule aliokuwa akiandika wakawekwa nyuma ya waliokufa miaka elfu moja kabla.

Dawa ya kosa hili ni kusikiliza kwa makini, na hapo ndipo mwanafunzi wa Zama za Kati anapokuwa na silaha ambayo wengine hawana. Tuzichukue noti zenyewe. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, alionyesha kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatokana na sauti za asili zinazotoka ndani ya sauti moja nzito, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Kwa wanaosoma tonika solfa, ni do, mi, so, ti iliyoshushwa, do ya juu, na re. Ukizikusanya ndani ya oktavo moja unapata noti tano: do, re, mi, so, na hiyo ti ya chini. Ila si ile ya kinanda. Iko chini yake kwa karibu theluthi moja ya nusu sauti, ndiyo maana kinanda cha kanisani kikiingia kwenye wimbo wa Kigogo kila mtu husikia kwamba kuna kitu kimeharibika hata asipoweza kukitaja.

Sauti ya pili inapatikanaje? Kwa kuruka noti moja. Aliye kwenye do anaitikiwa na mi, wa re anaitikiwa na so, wa mi anaitikiwa na ti iliyoshushwa, wa so na do ya juu, wa ti iliyoshushwa na re ya juu. Kanuni ni moja, rahisi, lakini matokeo hayafanani: mara nafasi kati ya waimbaji ni ya tatu, mara ni ya nne, na mara moja, kati ya mi na ti iliyoshushwa, inatokea ile nafasi ambayo walimu wa muziki wa Ulaya huiita tritono. Wagogo hawaikwepi. Wanakaa juu yake, wanaipamba, wanaifanya makazi.

Rudi sasa kwa watawa. Kitabu kiitwacho Musica enchiriadis, cha karne ya 9, kinafundisha jinsi ya kuongeza sauti ya pili chini ya wimbo kwa nafasi ya nne. Lakini kwa kuwa ngazi yao ya noti ni nyingine, ukishuka nafasi ya nne kila mahali, pako mahali utaangukia kwenye tritono hiyohiyo. Kitabu kinafanya nini? Kinamwamuru mwimbaji wa pili asimame, ashike noti yake asiteremke, mpaka hatari ipite. Guido naye, katika karne ya 11, aliendelea kuzikataa nafasi za aina hiyo alipoeleza organum yake. Wataalamu wengi wanaona kwamba sauti ya pili ya Ulaya ilianza kujitegemea hapo, katika kuikwepa nafasi moja isiyotakiwa. (Na tuache hekaya kwamba Kanisa la Zama za Kati liliipiga marufuku na kuiita shetani katika muziki. Maneno hayo yanaonekana kwenye maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 18.)

Kwa hiyo ni nafasi ileile, na njia mbili. Watawa waliijengea kanuni za kuikimbia. Wagogo wakaijengea nyumba. Huyo hawezi kuwa utoto wa yule. Ni akili mbili zilizokutana na hali moja ya asili ya sauti, kila moja ikaamua yake, na uamuzi wa Wagogo ni wa watu wazima wanaojua wanachokitaka. Asiyejua Musica enchiriadis inasema nini atasikia sauti zinazokwenda sambamba na kusema zinafanana. Asiyejua ngoma ya Kigogo naye atasema hivyohivyo. Ni lazima ujue zote mbili ndipo uone tofauti, na ndiyo sababu nataka wawepo Dodoma watu wanaojua zote mbili.

"Hukwe Zawose alisoma chuo gani?"

Swali hili hutolewa kama kifunga mdomo. Hukwe Zawose, mwana wa Doduma mkoani hapa, alijulikana duniani kote kwa ilimba (chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze na sauti yake iliyotoka kwenye kina na kupaa hadi kwenye filimbi, na hakufika huko kwa shahada. Kweli. Lakini angalia alifanya nini. Hakuipokea ilimba akaiacha ilivyo. Aliiongezea vyuma akaifanya kubwa kupita alizozikuta, na zeze nalo akaliongeza nyuzi. Mtu anayepanua chombo namna hiyo anafanya uchunguzi wa sauti kwa mikono yake, na anatakiwa azishike kanuni zote za ngazi ya noti, la sivyo chombo kitamkataa. Kisha alifundisha. Serikali ya Nyerere ilimwita Dar es Salaam, na baadaye akawa mwalimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa. Huyo ndiye mtu wanayemtumia kupinga shule!

Jambo lingine ni kwamba alipofariki Desemba 2003, maarifa yake mengi yalikuwa yameshikwa na familia na wanafunzi wake, si na maktaba. Familia imefanya kazi yake. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wanawake wa ukoo huo, walitoa albamu yao Maisha, na humo wanaongoza muziki ambao zamani mbele walisimama wanaume. Hilo lenyewe ni badiliko kubwa la kihistoria, limetokea mbele ya macho yetu, na linahitaji kuandikwa na mtu anayejua kilichokuwepo kabla yake: nani alipiga nini, nani alikatazwa, tangu lini, kwa sababu gani. Msanii hadaiwi kuandika hayo. Anadaiwa kuimba. Wa kuandika ni mwingine, na ndiye tunayemkatisha tamaa akiwa kidato cha sita.

"Wazungu wameshaandika kila kitu, wewe utaongeza nini?"

Wameandika, na wengine wameandika vizuri. Polo Vallejo wa Hispania amekaa na watu wa Nzali, wilayani Chamwino, kwa miaka mingi tangu miaka ya 1990. Alichapisha kitabu kuhusu muziki wa watoto wa Kigogo mwaka 2004, na kazi yake juu ya mpangilio wa sauti ni ya heshima. Simdharau hata kidogo. Lakini Kedmon Mapana, aliyekulia Nzali hiyohiyo, alipoandika mwaka 2007 kuhusu mabadiliko ya muheme, aliuliza maswali ya mtu wa nyumbani. Muheme ni ngoma ya wanawake: wao ndio wapigaji, ngoma ikiwa imebanwa mapajani, na mahali pake pa asili ni jando na unyago. Leo utaiona kwenye sherehe za kiserikali, mikutano ya siasa, hata kanisani. Imepoteza nini ilipotoka kule? Imepata nini? Mama aliyeipiga kwa ajili ya binti yake anajisikiaje akiipiga kwa ajili ya mgeni rasmi, kwa dakika tano alizopewa na mshereheshaji? Mgeni anaweza kuliuliza swali hilo. Mtoto wa mama huyo ndiye anayejua limeuma wapi.

Mapana hakuishia kwenye makala. Alipata uzamivu wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha huko, akaanzisha tamasha la muziki wa Wagogo, na akaja kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA. Nimemtaja kwa kirefu kwa sababu wanaosema taaluma hii haimfikishi mtu popote hupenda kusahau kwamba baraza la sanaa la taifa liliwahi kukabidhiwa kwa mtu aliyeanza kwa kuchunguza ngoma za mama zake.

Iko pia sehemu ambayo haijaandikwa na pengine nyingine haifai kuandikwa. Nyimbo za makumbi, za jando, zina masharti yake: nani azisikie, wakati gani, wapi. Rekodi iliyofanywa na mpita njia haikuuliza masharti hayo kila mara, na sasa ziko rekodi za nyimbo za Afrika Mashariki kwenye makabati ya Berlin na ya Makhanda, Afrika Kusini, ambako hazina ya Tracey imehifadhiwa. Nani ataamua ipi irudishwe kijijini na kuchezwa hadharani, ipi warudishiwe wazee peke yao? Hazina hiyo ya Tracey imeshawahi kuzirudisha Kenya rekodi za Wakipsigis kwa watu waliozitoa na jamaa zao, kwa hiyo jambo linawezekana. Kwa upande wetu anahitajika mtu anayeweza kusoma daftari la mrekodi wa 1950, kulitambua jina la kijiji lililoandikwa vibaya, kuusikiliza wimbo na kusema huu ni wa jando, huu wa mavuno, huu umetoka kwa Wanguu. Wataalamu wa Zama za Kati huishi na kazi ya namna hii: majina yaliyokosewa na waandishi, vitabu vilivyopoteza kurasa, wimbo mmoja katika nakala nne zisizopatana. Watu wachache sana wamefunzwa subira hiyo.

Linabaki lile la baba mdogo: atakula nini?

Hapa sitadanganya. Nafasi za kufundisha muziki katika vyuo vikuu vya Tanzania ni chache. Shahada ya muziki inapatikana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumira kule Arusha, na kwa upande wa Zama za Kati hasa, msimamizi wa uzamivu itabidi atafutwe nje, kwa ufadhili unaogombewa na watu wengi. Ni njia ndefu. Atakayeipita atafika miaka 35 wenzake wakiwa wameshajenga Nkuhungu. Sioni aibu kumwambia hivyo, na ni bora ajue kabla hajaanza.

Lakini "hakuna kazi" si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na siku kampuni ya nje itakapochukua wimbo wa Kigogo wa nindo na kuuweka kwenye tangazo la biashara, mahakama itahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba wimbo huo ni wa jadi, wa wapi, na tangu lini. Ushahidi huo hautolewi na wakili. Shule za sekondari zinazofundisha somo la muziki zinahitaji vitabu ambavyo mfano wa kwanza wa sauti nyingi ndani yake utoke Chamwino. Makanisa ya Dodoma, ya Kianglikana na ya Kikatoliki, yana makabati ya vitabu vya nyimbo za Cigogo na Kilatini ambavyo mchwa wanavimaliza. Kanda za redio zinakauka. Na mji huu ambao serikali iliamua mwaka 1973 kuufanya makao makuu, ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, mkoa wake ukahesabiwa watu zaidi ya milioni 3 katika sensa ya 2022, una Chuo Kikuu tangu mwaka 2007 na una wenyeji wenye moja ya mifumo ya uimbaji inayochunguzwa sana barani. Mahali pa kuanzisha hazina ya muziki wa uwanda wa kati ni hapa, na kinachokosekana ni watu waliofunzwa.

Kwa kijana mwenyewe nina maneno machache ya vitendo. Kama hukukulia kwenye Cigogo, kijifunze kwanza, kwa bibi na si kwa kitabu. Ujue tonika solfa vizuri kisha ujifunze noti za mistari, maana hutaingia popote bila hizo. Kilatini unaweza kuanzia kwa padri mzee au seminarini. Kijerumani utakihitaji kwa ajili ya Hornbostel na mafaili ya ukoloni. Jifunze kurekodi kwa kinasa kizuri, na andika siku ileile jina la mwimbaji, kijiji, tukio, na ruhusa aliyokupa. Halafu, kabla hujajaza fomu yoyote ya chuo, wasikilize wazee watatu walioimba Misa ya Kilatini. Waulize nani aliwafundisha na sauti ya pili ilitoka wapi. Majibu yao yatakuwa sura ya kwanza ya kazi yako, na hakuna chuo cha Ulaya kitakachokuwa nayo.